Usinunue miche mingi ya stroberi

Mara ya kwanza nilinunua miche kumi na miwili. Mwezi haukuisha, nikabaki na minne. Nilipong'oa mmoja wa iliyokufa nikakuta mizizi mizima, ila pale katikati majani yanapochipukia pameoza, peusi na laini kama ndizi iliyopitiliza. Kumbe nilikuwa nimeifukia kama ninavyofukia nyanya. Kitovu cha stroberi kinatakiwa kikae usawa wa udongo: kikizama kinaoza, kikiachwa juu sana mizizi inakauka.

Chombo kisikuumize kichwa. Mizizi yake haiendi mbali, kina cha sentimita 20 kinatosha. Ndoo iliyopasuka mdomo, beseni kuukuu, dumu lililokatwa ubavu (lisiwe lililobeba dawa), vyote vimenizalia. Toboa matundu chini kwa msumari wa moto, mimi huweka sita au saba. Jaza udongo tifutifu uliochanganywa na mboji. Samadi mbichi iache, inaunguza mizizi.

Sasa kwenye pesa. Mche uliokomaa hutoa vitawi virefu vinavyotambaa, na kwenye vifundo vyake huchipua vimche vidogo. Weka kopo la udongo chini ya kimche, kibane kwa waya uliokunjwa, wala usikikate kwa mama yake. Baada ya wiki tatu au nne kivute kidogo. Kikigoma, kimeshika mizizi, kata. Ile minne yangu iliyopona ndiyo iliyojaza ndoo zote nilizonazo leo. Lakini usiiachie yote itambae, maana nguvu ya matunda inaishia huko. Mimi hutenga mmoja tu wa kunizalia miche, mingine naikata vitawi mapema.

Jua liwe la muda wa saa sita kwa siku au zaidi. Maji mwagia shinani, asubuhi, baada ya kuchomeka kidole na kukuta udongo umekauka juu. Siku za joto kali ndoo hutaka maji kila siku. Tandaza nyasi kavu ili matunda yasilalie udongo.

Ukiona weupe karibu na kikonyo, usichume, kwani stroberi ikishachumwa haiendelei kuiva. Bahati mbaya ndege nao husubiri siku hiyohiyo, na huamka kabla yangu. Nafunika kwa kipande cha chandarua kilichochakaa, vichala vinavyoiva tu. Maua nayaacha wazi nyuki wayafikie.