Mpe nyanya picha, usisite

Dada, umeuliza kama picha ya fremu itaonekana zawadi duni kwa nyanya yako wa Kisumu. Hata kidogo! Leso anazo tele; picha yake akicheka na wajukuu pale Dunga, ziwa likiwa nyuma yao, hana. Ila usiitume studio kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maana hupunguzwa ubora na nyuso hutoka na ukungu. Itume kama faili, au ibebe kwenye flashi. Chagua inchi 8 kwa 10, macho yake yasihangaike. Kabla ya kuitia fremu, andika majina na mwaka nyuma kwa penseli laini. Kisha mkabidhi mwenyewe, ukae naye akimtaja kila mmoja; raha hiyo haisimuliki. Na uchapishe nakala zaidi, mashangazi wataitaka.