Muulize Fundi: Spesa za tairi kwenye IST yangu

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya mwaka 2003. Mwezi uliopita nilifunga spesa za milimita 15 kwenye tairi zote nne, yaani bamba la kuwekwa nyuma ya rimu ili tairi itoke nje, zile za bapa zisizo na stadi (vyuma vya kufungia nati) zake. Gari limependeza, mtaa mzima unanisifia. Ila nikifika spidi 90 stelingi inatetemeka, na nimeshabalansi tairi mara mbili bila mafanikio. Nati zinazunguka kama mara nne hivi ndipo zinagota. Aliyeniuzia anasema ni alumini halisi, hazina shida. Mama yangu hataki tena kupanda. Nizitoe, au huu ni woga tu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mama yako yuko sahihi. Zitoe leo, hapo hapo gari lilipoegeshwa, kabla hujaenda nalo popote. Hiyo mizunguko minne uliyoitaja ndiyo iliyonishtua kuliko mtetemo.

Stadi ya IST ina unene wa milimita 12, na nati ikizunguka mara moja inasogea milimita 1.5. Mara nne ni milimita 6. Kanuni tunayoifuata mafundi ni kwamba nati iingie angalau sawa na unene wa stadi yenyewe, yaani milimita 12, yaani mizunguko 8. Wewe una nusu. Zile milimita 15 za spesa zimemeza urefu wa stadi, na hakuna alumini duniani inayoweza kuurudisha.

Miaka michache iliyopita gari la aina hiyo hiyo, lenye spesa kama zako, lililetwa gereji kwangu juu ya breki dauni. Tairi la nyuma kushoto lilichomoka njiani likaingia shambani. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyeumia. Stadi mbili zilikatika, mbili nyingine zilikuwa zimechunika meno. Nilizitoa zile zilizokatika nikaziangalia juani: upande mmoja wa mkato ulikuwa mweusi, una mistari myembamba iliyopindana kama alama zinazoachwa na maji yakipwa ufukweni. Upande wa pili uling'aa kama chuma kipya. Maana yake stadi ilianza kupasuka siku nyingi, ikaendelea kidogo kidogo, na kile kipande kinachong'aa ndicho kilichokatika siku ile. Dereva aliniambia stelingi haikuwahi kumtetemekea hata mara moja. Wewe umepewa onyo, yeye hakupewa.

Sasa huo mtetemo. Habu ya gari lako, yaani kitovu ambacho rimu inafungwa juu yake, ina shingo katikati yenye kipenyo cha milimita 54.1, na rimu ya Toyota imekerezwa ikalie shingo hiyo bila kucheza. Spesa ya milimita 15 inaifunika shingo yote. Kama spesa haina shingo yake mwenyewe kwa nje, rimu haina pa kukaa, inabaki kuning'inia kwenye stadi nne. Na spesa nyingi za bei rahisi zina tundu pana katikati ili zienee kila gari, kwa hiyo hata zenyewe hazikai katikati ya habu. Ikihama hata kidogo tu, spidi kubwa itakuambia. Ndiyo maana kubalansi hakukusaidia: mashine inaishika rimu kwenye tundu lake, na kosa limebaki kwenye gari.

Usinielewe kwamba spesa ni haramu. Porsche wamewahi kutoa 911 zenye spesa za kiwandani, milimita 5 na milimita 17, pamoja na bolti ndefu za kulingana nazo. Tofauti iko hapo kwenye kulingana. Na mimi mwenyewe napenda gari lililosimama vizuri. IST ikitoka Japani tairi zake zimezama ndani kama macho ya mgonjwa, naelewa kabisa ulichokuwa unakitafuta.

Kipate hivi. Chukua timazi ya fundi mwashi, ining'inize kwenye ukingo wa matgadi juu ya tairi, kisha pima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa rimu. Pima magurudumu yote manne, maana mbele na nyuma hazilingani. Hiyo nafasi ndiyo mali yako yote, na usiimalize: acha milimita kadhaa, kwani ukibeba watu wanne nyuma ukapita kwenye tuta, tairi litapanda likutane na matgadi. Halafu angalia namba za rimu zako upande wa ndani, utaona herufi ET na tarakimu: ni milimita ambazo uso wa rimu unaokalia habu umesogea nje kutoka katikati ya upana wa rimu. Ikiwa ET45, spesa ya 15 inaifanya iwe sawa na ET30. Kwa hiyo nenda katafute rimu zenye ET ndogo, za 4x100 (matundu manne ya stadi kwenye duara la milimita 100), tundu la katikati la 54.1 au zenye ringi ya kujazia tundu likiwa pana zaidi. Sura ile ile, bila kipande cha kuongeza. Hela ya rimu ni kubwa, najua. Uza hizo za sasa uongezee.

Ukiona huwezi kungoja, basi iwe spesa yenye shingo, pamoja na stadi ndefu zilizopigwa kwenye habu. Za kufungwa na stadi zake huanzia kama milimita 20, ambazo kwa IST kwa maoni yangu ni nyingi. Safisha habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, usipake grisi. Kaza kwa toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, Nm (nyutoni mita) 103, kwa mtindo wa msalaba, gari likiwa limeshushwa mpaka tairi liguse chini lisizunguke. Ukishatembea kilomita 80 hivi, kaza tena. Na hata zikifungwa vizuri, beringi ya gurudumu itafanya kazi zaidi kwa kuwa tairi limesogea mbali nayo: beba ndoo ya maji karibu na mwili, kisha nyoosha mkono, utaelewa.

Ukizitoa, kagua kila stadi. Yenye meno yaliyochunika au iliyopinda ibadilishwe, bei yake ni ndogo.

SWALI: Fundi, Noah yangu inayumba ikibeba abiria. Nimeambiwa spesa za nyuma zitaituliza. Kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana, kaka. Anza na upepo wa tairi kulingana na stika iliyopo mlangoni kwa dereva, kisha bonyeza kona ya nyuma ya gari kwa nguvu uachie. Likidunda zaidi ya mara moja na nusu, shokapu zimechoka. Badilisha mbili kwa pamoja, na bushi za nyuma zikaguliwe siku hiyo hiyo.