Muulize Shangazi: Begi langu limeshukia Singida, mimi nimeanza kazi Dodoma

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 26 kutoka Mwanza, nimepata kazi Dodoma, stoo ya vifaa vya ujenzi. Niliambiwa niripoti Jumatatu saa mbili asubuhi, basi Jumapili alfajiri nikapanda gari nikijua jioni nimeshafika, tukaenda vizuri mpaka mlima Sekenke, pale gari ikaanza kuhema kama ng'ombe mgonjwa halafu ikazima, tukakaa masaa matano konda anasema fundi yuko njiani, yani fundi huyo sijui alikuwa anatembea kwa miguu kutoka Igunga. Dodoma nimeingia saa saba usiku, usingizi mtupu, konda kanipa begi langu la shangazi kaja (samahani kwa jina) nikadaka boda mpaka gheto kwa mshkaji. Asubuhi nafungua nivae nakutana na dagaa wakavu, begi zima, na khanga doti mbili juu yake! Langu lina mashati, viatu na bahasha ya vyeti orijino. Nahisi kuna mama kashuka nalo Singida. Nikaripoti na ndala, shati la mshkaji linanibana, nusu saa nimechelewa na nanuka ziwa. Sasa stoo nzima wananiita Kirumba, kama lile soko la dagaa la kwetu Mwanza. Afisa utumishi anadai vyeti, mkataba hawajanipa, wanasema niko majaribio kwanza. Natamani nirudi nyumbani. Na dagaa tumeshakaanga kidogo.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa hilo jina la begi nimeshasamehe, ila kwa dagaa bado.

Kwanza tiketi, usiniambie umeitupa. Ina namba ya gari na tarehe, na kama kwenye begi kuna kile kikaratasi cha namba ya mzigo usikibandue. Nenda leo hii ofisi ya basi hapo stendi Dodoma, usipige simu, nenda mwenyewe na hilo begi mkononi, waambie wapige Singida. Huyo mama naye anakutafuta, fikiria kafika kwa wakwe zake anafungua zawadi anatoa viatu vya kiume namba 42! Pekueni begi mbele ya wakala, watu wengi wanaandika namba ya simu kwenye mfuko wa pembeni. Ukimpata, cha kwanza sema ukweli kuhusu mliokaanga na umlipe. Kampuni ikikuzungusha, malalamiko ya abiria yanapelekwa LATRA, mamlaka inayosimamia mabasi, mara nyingi ukilitaja tu hilo jina simu zinaanza kupokelewa.

Vyeti visipopatikana ndani ya siku mbili tatu nenda polisi ukachukue ripoti ya upotevu, bila hiyo huko mbele hakuna ofisi itakayokusikiliza. Na siku nyingine vyeti havikai kwenye buti jamani, vinakaa mapajani.

Afisa utumishi usimkimbie. Mwandikie barua fupi, gari iliharibika Sekenke, begi limebadilishwa, unalifuatilia, ambatanisha kopi ya tiketi, na kama una picha za vyeti kwenye simu mpe kwa sasa. Mtu wa stoo anaaminiwa kwa maandishi, kwa hiyo hapo hapo umeshaanza kazi.

Mkataba sasa. Hilo la "majaribio kwanza" wanapenda sana kulisema, lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri anakupa maelezo ya kazi kwa maandishi unapoanza, kazi yenyewe, mshahara, saa za kazi, yote, kwa hiyo majaribio hayazuii karatasi. Omba kwa adabu, na uulizie NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, hapo hapo. Ila ujue pia ambaye hajafikisha miezi 6 hana ile kinga ya kuachishwa kazi isivyo halali, kwa hiyo kesho saa mbili kasorobo uwe getini.

Kuhusu Kirumba, itika tu. Mimi siku yangu ya kwanza nilipitilizwa na daladala, nikaingia ofisini na kiatu kimoja kimekatika kisigino, wakaniita Kigoda miaka miwili, na hao hao ndio walionichangia harusi. Ukikasirika jina linaganda.

Hao dagaa waliobaki waanike juani leo kabla hawajaota ukungu, na mshkaji wako mwambie akae mbali na kikaango.