Mwanangu, kuhusu hiyo Vitz

Mwanangu,

Salaam aleikum, sisi huku Malindi hatujambo, babako goti tu ndio linamkorofisha ila mdomo mzima. Meseji yako niliiona usiku nikaiacha mpaka nipate miwani. Yani unauliza, ngoja nirudie nione kama nimeelewa, ununue ile Toyota Vitz ya 2006 ya jirani yako, ambayo hela yake unayo mkononi, ama uchukue mkopo wa sako ununue Mazda CX-5 kama za wenzako kazini, na tena ukauliza ile Renault yetu ilikuwa inatusumbua kiasi gani, mafuta na spea, wataka upige hesabu.

Hesabu ni hii. Mafuta haikuwa mlaji, injini yenyewe cc 845. Spea babako alikuwa akizifuata Mombasa anarudi nazo kwenye basi amezipakata, na nyingine akichonga mwenyewe. Basi, hesabu imekwisha, sasa tuzungumze, maana mimi nimekuzaa na najua hukuniuliza mafuta. We waniuliza watu watasemaje.

Watasema. Sisi walitusema wee mpaka wakachoka, na nimewaambia nyinyi tangu mko wadogo na nitasema tena, gari ni kufika. Mengine yote mbwembwe.

Tulivyoipata huijui vizuri kwa sababu babako hukisimulia kile kisa upande wake tu. Alikuwepo Mtaliano mmoja anarudi kwao, anauza vitu vyake, na hiyo Renault 4 ilikuwemo, ile watu walikuwa wakiiita Renault Roho, rangi ya krimu iliyopauka. Bei haikuwa mbaya lakini kwetu bado kubwa. Babako akaenda na fundi mmoja wa hapa mjini, fundi akatoa futi kamba akapima kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma upande wa kulia, akapima na kushoto, akatikisa kichwa, chasisi imepinda hii, gari imepiga ajali, upande mmoja mrefu kuliko wa pili. Mtaliano akaapa haijagonga hata kuku. Fundi akampimia tena mbele ya macho yake na kweli, tofauti inakaribia sentimita 5! Yule mzungu akaingia shaka na gari lake mwenyewe, bei ikashuka pale pale.

Baadaye sana ndio babako akaja kujua kwamba gari zote za aina ile zimetoka kiwandani hivyo, vile vyuma vya springi vya nyuma vimelazwa kukingama, kimoja nyuma ya mwenzake, kwa hiyo lazima gurudumu moja likae nyuma kidogo. Wafaransa walianza kuziunda 1961 na zikaundwa zaidi ya milioni 8, zote upande mmoja mrefu, sasa niambie wewe watu wote hao walikosa akili? Fundi hatukumwambia, ya nini kumvunjia mtu heshima. Yeye kila tukipita anauliza "bado mwaendesha hilo pinda?" na hivyo ndivyo ilivyopata jina, Pinda.

Gia yake unaikumbuka, ilichomoza kwenye dashibodi, unaisukuma na kuivuta kama unachochea kuni chini ya chungu, wanawake wa mtaa wakasema kumbe gari lenyewe la jikoni basi hata sisi tunaweza. Sakafu ikaliwa na chumvi ya bahari tukatandika jamvi, na habari ya kiatu cha Idi cha kakako kilichopotelea hapo Msabaha siirudii maana mpaka leo anadai.

Lakini ile ya feri nitaisema, kaa kitako.

Ilikuwa harusi ya mamako mdogo. Daraja la Kilifi lilikuwa bado, lilifunguliwa 1991, kwa hiyo ukienda Mombasa lazima upange foleni na feri ikuvushe mpaka Mnarani. Mjomba wako alikuwa na ile Peugeot 504 yake, nyeupe, imepigwa nta mpaka unajiona uso, akambeba bi harusi na wakubwa wenye heshima zao. Mimi kwenye Pinda nikapewa masufuria, magunia ya mchele, sanduku la nguo za bi harusi, wewe mchanga umelala, na nyuma shangazi yako mkubwa, na shangazi yako wamjua, mwili alijaaliwa. Kuvuka tukavuka salama. Lakini maji yalikuwa yamekupwa, ile njia ya kupandia upande wa pili ikawa mlima, tena imelowa ina mwani. Peugeot ikapanda. Basi likapanda. Mimi nikatia gia ya kwanza, magurudumu yakazunguka pale pale yanarusha maji, maana Renault inavutwa na magurudumu ya mbele na uzito wote tuliuweka nyuma, pua ya gari imeinuka inaangalia mawingu. Nikajaribu tena. Wapi! Wauza korosho wakaanza kukusanyika.

Ndipo baharia mmoja wa feri, mzee, akaja akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, igeuze, panda kinyumenyume, uzito uje kwenye magurudumu yanayovuta." Nikarudi ndani ya feri nikageuza, na mwanangu, ikapanda! Taratibu, kinyumenyume, mlima wote, mimi shingo nimeigeuza naangalia nyuma na sioni kitu ila shangazi yako, na yeye kwa kuwa ndiye anayetangulia kufika akasogeza kioo akawa anawasalimia wauza korosho mmoja mmoja, hamjambo, za hapa, korosho bei gani.

Juu kule mjomba wako amesimama ameegemea Peugeot yake, bi harusi ndani, na wakwe waliokuja kumchukua wamepanga mstari. Akasema kwa sauti, "Dada, gari lataka kurudi Malindi hilo, liache liende." Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Wakwe wakacheka, watu ambao ndio kwanza tunajuana! Nikacheka na mimi, ningefanyaje, lakini wallahi ile sentensi naisikia mpaka leo, na yeye kila Idi lazima aitoe.

Ningependa kukwambia Peugeot ilikufa Mtwapa tukaipita. Haikufa. Tulipofika mjomba wako keshakula keshaosha mikono. Babako anasoma hapa begani mwangu anasema mwani haukuwepo, ni kluchi niliachia vibaya. Yeye alikuwepo? Alitangulia na basi siku moja kabla na wanaume wenzake, feri ile aione wapi.

Lakini tulifika au hatukufika? Tulifika, na mchele ukafika. Gari ni kufika. Ila haki nayo isemwe, ziko siku hatukufika, asubuhi ya mvua haiwaki mpaka babako achomeke hendeli kwa mbele azungushe kwa mkono, na saa nyingine hendeli inarudi inampiga, nyinyi shuleni mkafika kengele ishalia, na mimi ndani ya roho nikaitamani ile Peugeot, kwanini nikufiche. Ilikuwa gari nzuri. Mjomba wako raha aliipata. Sasa ile raha aliilipa kwa muda gani, na nani alikuwa akija kwetu kila tarehe 20 na kikapu, we mwenyewe ulikuwa ukimfungulia mlango baadaye ulipokua. Hilo silisemi, ni ndugu yangu.

Kwa hiyo mimi sikuamulii. Wewe mtu mzima, una watoto wawili. Vitz hiyo ni kuukuu na mimi sijaiona. Ila ukienda kuiangalia nenda asubuhi kabla haijawashwa, ukikuta jirani ameshaipasha moto ujue kuna jambo anaficha. Inua kapeti upande wa dereva utazame kutu. Chukua fundi wako, asiwe rafiki yake, na futi kamba asije nayo. CX-5 sisemi mbaya, nzuri, nimeziona hapa zikija na wageni wa Desemba. Ila mkopo wa miaka yote hiyo na Januari karo ya watoto inasubiri mlangoni... haya, nimenyamaza.

Babako anauliza bei ya mwisho ya huyo jirani ni ngapi na tairi zikoje, maana ana hela za nazi hapa anasema tairi atatoa yeye. Mimi sijasema kitu.

Mamako