Muulize Nahodha: Mashua iko Mafia, mimi niko Nairobi

SWALI: Nahodha, shikamoo. Mimi na kaka yangu tuna mashua ya tanga, inakaa Kilindoni, Mafia. Mimi nafanya kazi hapa Nairobi. Kimbunga Hidaya kilipofika kule tarehe 4 Mei 2024, kaka alilala ndani ya mashua ili ailinde. Alisalimika, na mashua pia, lakini mimi sikupata usingizi. Kikija kingine tufanyeje? – Msomaji, South B

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpigie kaka yako simu leo hii, umsihi asilale tena humo. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huwa mara nne. Mashua huundwa upya, mtu haundwi. Akishaifunga, apande kwenye nyumba imara mbali na ufuo, maana bahari nayo hujaa kupita bamvua, yale maji makubwa ya kawaida.

Onyo likitangazwa tu, aanze. Tanga na foromali, ule mti unaobeba tanga, vishuke na kupelekwa nyumbani. Tanga lililokunjwa likaachwa chomboni, upepo hulifumua. Mlingoti ukiweza kung'oka, ung'olewe. Maji yakijaa, aiingize mashua ndani kabisa kwenye mikoko, aifunge kwenye mashina pande zote. Nasema zote, kwa sababu kitovu cha kimbunga kikipita hutulia ghafla, mtu akadhani yamekwisha, kisha upepo hurudi ukitokea upande wa pili. Kamba ziwe ndefu, mashua ipate kupanda na maji. Kama hapati mikoko, atoe amari, yaani kamba ya nanga, mara 7 hadi 10 ya kina, na kina akipime kwa maji yaliyojaa.

Sasa nisikilize vizuri kwenye kamba. Niliwahi kupoteza chombo Lamu usiku mmoja wa kusi kali, ule upepo wa kusini, wala hakikuwa kimbunga. Nanga ilishika. Asubuhi niliivuta kamba, nene kama kidole gumba, nikakuta ncha imechanika nyuzi nyuzi kama muwa uliotafunwa, pale pale ilipokuwa ikisuguana na ukingo wa omo, mbele ya chombo. Mpaka leo nikifunga chombo, mkono wangu huenda hapo kwanza.

Hili unaweza kulifanya ukiwa huko huko Nairobi. Nenda Kirinyaga Road, kwenye maduka ya vipuri, ununue mpira mnene wa maji, mita tano hivi, umtumie. Aukate vipande, apasue kila kimoja kwa urefu, akivishe kamba pale inapopita ukingoni, kisha akifunge kwa uzi ncha zote mbili kisiteleze.