Kabla hujashika funguo za hoteli ya wateleza mawimbi Cabarete

Cabarete ni mji mdogo wa pwani ya kaskazini ya Jamhuri ya Dominika, mkoa wa Puerto Plata. Una barabara kuu moja, ghuba moja na upepo mwingi. Watu wa ubao wa tanga ndio walioutangaza miaka ya 1980, wa kaiti, yaani ubao unaovutwa na kishada kikubwa, wakafuata, na wateleza mawimbi wakajichukulia ufukwe wao, Playa Encuentro, kama kilomita nne magharibi mwa mji. Waliofundisha kaiti Paje au Diani huenda walishausikia, maana walimu wa mchezo ule huhama na upepo, msimu kule, msimu huku. Nawaandikia ninyi mnaokuja kushika nyumba ya vyumba vinane au kumi, hasa mliotoka chuo cha hoteli mkiwa na daftari safi. Daftari mlilete, ila ukurasa wa ratiba mtauandika upya.

Jambo la kwanza ni saa. Bahari ya Encuentro ina adabu alfajiri tu. Usiku nchi kavu inapoa, upepo unatulia au unashuka taratibu kutoka vilimani kwenda baharini, na wimbi linasimama likiwa limenyooka. Kufika saa tano asubuhi upepo wa mashariki umeamka, maji yamechafuka, na wateleza mawimbi wanapanda juu wakiwa na njaa. Hapo ndipo zamu ya watu wa kaiti inaanza, upande wa Kite Beach, na wao hawatatoka majini hadi jua linapolala.

Kwa hiyo una wageni wa aina mbili chini ya paa moja. Mmoja analala saa tatu usiku na kuamka kabla ya alfajiri akigongagonga ubao mlangoni. Mwingine anaamka saa tatu asubuhi, na usiku yuko kwenye baa za ufukweni mpaka saa saba. Usiwapange kwa bei ya chumba wala kwa mandhari. Wapange kwa saa ya kuamka. Wa mawimbi wape vyumba vilivyo karibu na geti na rafu ya kuwekea mbao za mawimbi, watoke bila kupita milango ya wenzao. Wa kaiti wape nyuma au ghorofani. Uliza swali hilo mgeni anapoandika kuomba nafasi, si anapofika na mizigo. Malalamiko mengi ya kelele ninayoyasikia kwa wenye hoteli wenzangu yanatokana na upangaji wa vyumba, halafu lawama anabebeshwa mlinzi.

Saa yenyewe nayo inahama. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumezoea jua linalochomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima. Huku Juni kunapambazuka kama saa kumi na mbili, lakini Januari jua halijatoka mpaka saa moja na zaidi. Saa ya kahawa isogezwe na msimu, la sivyo utakuwa unamlipa mtu akae gizani.

Vifungua kinywa viwe viwili. Cha kwanza ni cha kujihudumia kabla ya bahari: kahawa kwenye thamosi, ndizi mbivu, mkate, siagi ya karanga. Hakuna haja ya kumtoa mpishi kitandani kwa hicho. Mlinzi wa usiku anaweza kuweka greca jikoni, kile kibirika cha alumini ambacho nyumba nyingi za Kidominika zinacho, kabla hajamaliza zamu. Na umlipe kwa kazi hiyo, usiigeuze kuwa fadhila. Cha pili ndicho chenyewe, kuanzia saa tatu na nusu hadi saa tano na nusu. Mtu aliyepiga maji kwa mikono kwa saa mbili hashibi kwa jemu. Mpe mangú: ndizi mbichi zilizochemshwa na kupondwa zikiwa moto, juu vitunguu vyekundu vilivyolainishwa kwa siki, pembeni mayai, jibini la kukaanga na salami ya kukaanga. Salami ile mara nyingi ina nguruwe, kwa hiyo mjulishe mgeni Mwislamu kabla hajauliza. Sahani hii inatengenezwa kwa vitu vya jirani, inagharimu kidogo kuliko nafaka za boksi zinazotoka nje, na ndiyo wageni wanayoipiga picha.

Ukishasogeza kifungua kinywa, saa ya kutoka chumbani nayo inabidi isogee. Saa tano asubuhi haifanyi kazi hapa. Weka saa saba mchana, au weka bafu la uani na kabati la mizigo kwa anayeondoka jioni. Mhudumu wa vyumba aanze kazi saa nne badala ya saa mbili. Hakuna cha kusafisha kabla ya hapo.

Sasa misimu, maana hapa ndipo watu wanapofilisika. Mawimbi ya maana huja Novemba hadi Machi, pale dhoruba za majira ya baridi zinapotoka pwani ya mashariki ya Marekani na kusukuma maji ya Atlantiki kuelekea kusini. Ndio wakati Wakanada na watu wa Ulaya wanaikimbia theluji. Na ndio wakati wa mvua huku kaskazini, jambo ambalo picha za matangazo hazilisemi. Nyumba imejaa, na hakuna kinachokauka. Kila mgeni ana fulana ya kuogelea, taulo mbili na kaptula, vyote vinachuruzika maji ya chumvi juu ya kitanda cha mbao. Jenga kibanda cha kuanikia chenye paa na kuta wazi, weka feni kubwa, na vitundikio vyenye namba za vyumba. Kabla hujafikiria kiyoyozi cha pili, jenga hicho kibanda. Bila hicho ukungu utapanda ukutani nyuma ya makabati, na harufu yake haiondolewi na marashi.

Kiangazi, Juni hadi Agosti, mawimbi ni madogo na upepo ni mkubwa, kwa hiyo wa kaiti ndio wanaokulisha. Septemba na Oktoba hakuna wa kukulisha. Msimu wa tufani rasmi ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na Septemba ndiyo kilele chake. Tufani likipita mbali baharini huleta mawimbi mazuri sana, lakini mgeni akishaona neno hilo kwenye habari anaahirisha safari, hata kama liko maili elfu moja kutoka kwako. Hesabu mishahara ya miezi hiyo miwili kutoka kwenye mapato ya Februari, na uiweke mahali usipopafikia kirahisi.

Mgeni wa mawimbi anasoma utabiri kuliko anavyousoma ujumbe wako. Dhoruba ikishazaliwa kule juu, mawimbi yake huchukua siku mbili tatu kufika, na yeye ameshaiona kwenye Windguru, tovuti ya utabiri wa upepo na mawimbi. Ndiyo maana ataomba kuongeza siku nne leo, au kufuta kesho. Kanuni ninayoipenda: malipo ya awali hayarudishwi, ila tarehe inasogezwa mara moja bila malipo. Na akikuuliza kama kutakuwa na mawimbi wiki ijayo, mwambie kweli. Wiki ya maji bapa ipo hata Januari. Aliyeambiwa ukweli anakuja na kitabu na viatu vya kutembea, anakwenda kwenye mapango na maziwa madogo ya hifadhi ya El Choco nyuma ya mji, na anarudi mwakani.

Mbao zenyewe, usinunue. Shule za Encuentro zinazo za kila urefu, zinakodisha, zinatunza, zinaziba nyufa. Patana na shule moja inayoaminika. Kazi yako ni rafu yenye kufuli, usafiri wa alfajiri na maelezo ya ufukwe. Bodaboda za huku, motoconcho, zipo nyingi, lakini ubao mrefu pikipiki gizani si jambo la kushauri mtu. Tafuta dereva mmoja mwenye gari na vyuma vya paani, umpe kazi ya kudumu. Mwambie mgeni asibebe simu wala pochi ufukweni.

Na umwonyeshe mwamba. Encuentro si mchanga mtupu chini. Ni mwamba, na juu yake wamekaa viumbe wa miiba myeusi wanaoingia kwenye nyayo kama sindano. Anayeanza avae viatu vya majini, na akianguka aanguke bapa, asisimame. Weka mapokezini beseni, siki, koleo dogo la kutolea miiba, na dawa ya kuoshea vidonda. Mchubuko wa mwamba uoshwe kwa maji baridi safi na sabuni siku hiyo hiyo, hata mwenyewe akisema si kitu. Huwa wanasema si kitu.

Chumvi inakula kila chuma. Bawaba, vitasa, kufuli, mapangaboi, sehemu ya nje ya kiyoyozi. Nunua chuma cha pua, kisichoshika kutu, pale unapoweza, na kisichowezekana kipakwe grisi kila mwezi. Mchanga nao unaua mashine ya kufulia polepole: weka mfereji wa kunawia miguu getini, na shimo la kunasa mchanga kabla ya bomba la maji machafu. Umeme unakatika, kwa hiyo inverta na betri ni sehemu ya nyumba kama paa. Anayekuuzia hoteli akikuonyesha bwawa, wewe omba kuona betri na umri wake. Maji ya kunywa ni ya madumu makubwa ya galoni tano yanayoletwa na duka la mtaani, colmado, ambalo ni duka la Mangi kabisa, daftari la mkopo likiwemo. Lipa deni lako huko kila Ijumaa. Mwenye colmado ndiye atakayekuletea gesi usiku wa mvua.

Kuhusu watu na serikali nitasema kwa ufupi, kwa kuwa utahitaji mhasibu wa huko hata hivyo. Kodi ya ITBIS, ambayo ni VAT ya huku, ni asilimia 18, na juu ya chakula kuna asilimia 10 ya huduma kwa sheria. Taja bei ikiwa na vyote ndani; mgeni anachukia mshangao kuliko anavyochukia bei. Sheria ya kazi inataka asilimia 80 ya wafanyakazi wawe Wadominika, wiki ya kawaida haizidi saa 44, na mshahara wa kumi na tatu, yaani ule wa ziada wa mwisho wa mwaka, ulipwe kabla ya kupita 20 Desemba. Tazama tarehe hiyo vizuri: msimu umeanza lakini haujakulipa. Tenga sehemu ya kumi na mbili ya mishahara kila mwezi, tangu Januari. Kihispania ujifunze kabla hujaja, na uanze na salamu. Ukimvamia doña wa jikoni na swali la mayai bila buenos días, utajibiwa mayai yamekwisha.

Septemba, wageni wakiwa hawapo, funga nusu ya vyumba, wape wafanyakazi likizo zao, paka rangi, badilisha magodoro yaliyolegea. Kisha toa plaiwudi za kuzuia tufani, zijaribu moja moja kwenye madirisha, na uandike namba ya dirisha kwenye kila kipande kwa rangi isiyofutika. Siku tufani linapotajwa redioni, duka la vifaa vya ujenzi linaishiwa plaiwudi kabla ya saa sita mchana, na misumari kabla ya hapo.