Mnaoanza kupima nishati ya anaerobiki kwenye tredimili (mashine ya kukimbilia), someni hii kwanza

Wadogo zangu mnaoingia maabara mwaka huu hapa Dodoma, naona kila mtu anagombania ile siku ya mwisho, mtu anakimbia mpaka anadaka vyuma vya pembeni ya mashine, makofi, stopwochi imesimama. Ile ndo sehemu rahisi jamani. Namba yako inatengenezwa siku za nyuma, kwenye zile mbio za taratibu ambazo hakuna anayetaka kuzisimamia.

Iko hivi. Nishati ya anaerobiki misuli inaitengeneza bila kusubiri oksijeni, hakuna kifaa cha kumvalisha mtu kikaisoma yote, kwahiyo tunaizungukia. Njia ya Medbø na wenzake wa Norwei, 1988: mwinuko wa mkanda wa tredimili asilimia 10.5, mtu anakimbia spidi kadhaa za chini, kila moja kama dakika 10, maski ya kupima oksijeni usoni, unachora mstari wa spidi na oksijeni. Halafu unaurefusha mpaka spidi kali, ile itakayommaliza ndani ya dakika 2 mpaka 3. Mstari unakwambia alihitaji oksijeni kiasi gani, maski inakwambia amevuta kiasi gani, tofauti ndo makadirio yako.

Sasa cheki hesabu. Tuseme mstari umesema 72 (mililita kwa kilo kwa dakika), kakimbia dakika 2.5, mahitaji 180, maski imesoma 120, upungufu 60. Mstari ukikosea kidogo tu ukasema 76, mahitaji yanakuwa 190 na upungufu 70. Yani kosa la chini ya asilimia 6 kwenye mstari limekupandishia jibu karibu asilimia 17! Ndo maana mimi mtu akiniletea mstari wa pointi tatu, yani spidi tatu tu, namrudisha, hata kama mkimbiaji keshapanda basi la Singida.

Kuna test fupi ya Cunningham na Faulkner, 1969, mwinuko asilimia 20, spidi kama kilomita 12.9 kwa saa, unahesabu sekunde basi. Nzuri kumfuatilia mtu yuleyule kabla na baada ya msimu, ila kulinganisha watu wawili kwa sekunde peke yake hapana, maana oksijeni bado inachangia humo na huijui ni kiasi gani. Na saa inaanza mikono ikiachia vyuma, inasimama akivishika, kugusa kidogo ili kujiweka sawa nako ni kushika, msioneane haya.

Lakteti, ile inayozalishwa na misuli ikifanya kazi kali na mnaipima kwa tone la damu ya kidoleni, msichukue hapohapo, inachelewa kutoka kwenye misuli kuingia kwenye damu, subirini dakika kadhaa na mrudie kupima mpaka ianze kushuka.

Makocha wengine watawaambia mambo haya ni ya watu wa mita 400, wa marathoni yanawahusu nini. Waulizeni Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni kutoka Singida, alishindaje Tokyo 2025, kilomita 42 zote halafu ubingwa wa dunia ukaamuliwa kwa sekunde 0.03.

Mwinuko wa Dodoma kutoka usawa wa bahari, kama mita 1,100 hivi, usiwatishe sana, hewa nyepesi inapunguza oksijeni anayovuta mtu ila upungufu wenyewe haubadiliki sana. Mimi naogopa zaidi umeme. Ukikatika mtu yuko spidi kali mkanda unaweza kusimama ghafla, kwahiyo mkanda wa usalama kifuani kila mara, mtu mmoja nyuma yake, na kama jenereta haina mafuta siku hiyo pimeni spidi za chini tu, zile kali ziahirisheni.